Wakala anataka milioni nane anipeleke Ujerumani: nimpe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina stashahada na leseni, niko hospitali ya wilaya huku mkoani Tanga mwaka wa sita sasa. Nina miaka 31. Mume wangu ni fundi umeme aliyesomea VETA, tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Kuna wakala anasema Ujerumani wanatafuta watu sana. Anataka milioni nane: ama aniombee kitu kinaitwa Chancenkarte, ama niingie kwa viza ya matembezi halafu nibadilishe nikiwa kule kule. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, naye anataka kwenda kusoma. Tufuate njia ipi, na huyu wakala nimpe hela?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hela maana ndiyo inayokukosesha usingizi: usimpe. Si kwamba yote aliyokwambia ni uongo. Moja ni kweli nusu, jingine ni la hatari, na njia iliyo yako hasa hakuitaja kabisa. Nahisi ni kwa sababu haina pa kuchomeka milioni nane.

Viza ya matembezi tuimalize haraka. Hiyo ni Schengen, viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90, na haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inataka uingie nchini kwa viza ya jambo lile lile unalokwenda kulifanya. Ukitokea ofisi ya wageni, ile inayotoa vibali vya kukaa nchini, na mkataba wa kazi mkononi ilhali uliingia kama mtalii, utaambiwa urudi kwenu ukaombe ubalozini. Wapo wachache wanaopenya, kwa mfano kwa njia ya ndoa, lakini muuguzi anayesaka leseni hayumo kati yao. Halafu kuna hili ambalo watu hulichukulia wepesi: fomu inakuuliza unakwenda kufanya nini, nawe unajibu kwa saini yako. Maombi hayo pamoja na alama zako za vidole hukaa kwenye mfumo wa viza wa nchi za Schengen miaka 5. Siku ukija na maombi ya kweli, wanakuona ulivyosema mara ya kwanza.

Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, ndiyo ile kweli nusu. Ilianza tarehe 1 Juni 2024, na inamruhusu mtu mwenye ujuzi aende akatafute kazi akiwa huko huko kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Mlangoni unaulizwa mambo mawili: mafunzo yasiyopungua miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea, na lugha, yaani Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, vyote kwa cheti. (Ngazi za lugha hupanda hivi: A1 ya mwanzo kabisa, A2, B1, B2, na kuendelea.) Ukipita hapo unahesabiwa alama, na zinatakiwa 6. Tukuhesabie wewe. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya miaka saba iliyopita, katika fani uliyosomea, ni alama 3. Umri usiozidi miaka 35 ni 2. Fani yenye uhaba wa watu, na uuguzi umo, ni 1. Tayari umefika 6 hata hujaongeza Kijerumani, ambacho kikifika B1 kinaleta 2 na kikifika B2 kinaleta 3. Kwa hiyo kwenye hesabu wakala hajakosea.

Alichonyamazia ni pesa na leseni. Mwenye kadi hii anatakiwa aonyeshe kwamba ataweza kujikimu mwaka mzima bila kuitegemea serikali yao. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, zikae kwenye akaunti maalumu inayokuachia fungu la mwezi tu. Wajerumani huiita Sperrkonto, akaunti ya zuio. Ni zaidi ya shilingi milioni 30, na milioni nane za wakala hazimo humo. Kuhusu leseni: kadi inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na kujaribiwa kwa mwajiri hadi wiki mbili, lakini uuguzi kule ni taaluma iliyofungwa. Bila leseni ya Kijerumani hakuna atakayekupa zamu ya muuguzi. Utakuwa unaosha vyombo mgahawani huku miezi inakatika, ukimtafuta mwajiri ambaye ungeweza kuongea naye kwa simu ya video ukiwa umekaa barazani kwako. Kadi hii inamfaa zaidi mtu wa programu za kompyuta au fundi mitambo, ambaye kazi yake haidai leseni.

Sasa njia yako. Wenyewe wanaiita Anerkennung, kutambuliwa kwa taaluma. Mamlaka inayohusika inachukua mafunzo yako, inayalinganisha na ya muuguzi wa Kijerumani, na kuandika kipi kimetimia na kipi kimepungua. Ujerumani ina majimbo 16, kila moja na mamlaka yake, na hapa ndipo wengi wanapopotea: maombi yanapelekwa jimbo utakakofanyia kazi, si popote palipokuja kichwani. Ipo ofisi Bonn, ZSBA, iliyowekwa mwaka 2020 kwa ajili ya kuwashauri watu walio nje ya Ujerumani juu ya jambo hili, na haitozi kitu. Waandikie hao kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote.

Watakuomba cheti cha stashahada, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, barua za kazi, pasipoti, wasifu wako. Hivyo unavyo. Kinachowakwamisha wauguzi wetu ni karatasi moja ambayo hawajawahi kuiona: mchanganuo wa saa. Kule, tangu sheria mpya ya uuguzi ianze Januari 2020, muuguzi husoma miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za mazoezi ya vitendo. Afisa wa jimbo anataka kuona zako: anatomia saa ngapi, wodi ya watoto saa ngapi, magonjwa ya akili saa ngapi, huduma ya wazee saa ngapi. Transkripti zetu mara nyingi zinaonyesha alama za mtihani na kimya. Afisa asipoona saa, anaandika kwamba haikuthibitika kuwa ulisoma, hata kama umezalisha akina mama mia tatu kwa mikono yako. Nenda chuoni kwako mwenyewe, usimtume mtu, uonane na mwalimu wa taaluma, umwombe mchanganuo wa saa za nadharia na vitendo kwa kila somo na kila wodi, kwenye karatasi yenye nembo, saini na muhuri. Atasema mtaala umebadilika tangu umalize. Mwambie unataka ule wa mwaka wako. Utarudi mara mbili tatu. Chukua soda, kaa kwenye benchi, subiri.

Baada ya miezi kadhaa unapata uamuzi. Kwa mtu wa kwetu karibu kila mara husema kuna upungufu, na wengi wakiusoma hulia wakidhani wamekataliwa. Hujakataliwa. Karatasi hiyo ndiyo tiketi yako, kwa sababu inataja mambo mawili unayoweza kuchagua: kufanya kozi ya kuziba pengo ndani ya hospitali ya kule, au kufanya mtihani wa ujuzi wenye sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo mbele ya mgonjwa. Ukiwa nayo, pamoja na mwajiri aliyekubali kukupokea, unaomba viza ya kwenda kukamilisha leseni. Unakwenda ukiwa msaidizi wa huduma, unalipwa, na huku unasoma. Kima cha chini cha mshahara kwenye sekta ya matunzo kilichoanza tarehe 1 Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi na euro 20.50 kwa muuguzi mwenye leseni. Ukishapata leseni, mshahara wa kuanzia kwenye hospitali za umma unazidi euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato. Makato si haba, hesabu kama theluthi ya pesa hiyo isikuhusu.

Tangu Machi 2024 kuna njia ya pili ndani ya hii, ya kuingia na mkataba wa kazi na Kijerumani cha A2 kisha kuanza maombi ya kutambuliwa ukishafika, kwa ahadi ya wewe na mwajiri kwamba mtayakamilisha. Kwa sheria inawezekana. Kwa mtazamo wangu, muuguzi anayekwenda na A2 anakwenda kuteseka. Utapewa zamu na mzee mwenye lahaja ya Bavaria ambaye hata Mjerumani wa Hamburg hamwelewi vizuri, kisha mwisho wa zamu ukabidhi taarifa kwa mdomo, dakika tatu, wagonjwa kumi na wawili. Nenda na B1 iliyoiva. Leseni yenyewe itadai B2 karibu kila jimbo.

Lugha ndiyo viza yako hasa, hayo mengine ni makaratasi. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, Upanga, na mtihani unaweza kufanyia hapo hata kama umesomea kwingine au mtandaoni. Mtihani wao wa B1 umegawanyika sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu unatakiwa upate 60 kati ya 100, na uliyoanguka unairudia peke yake bila kurudia zote. Kwa mwanafunzi wa kawaida mwenye kazi na mtoto, kutoka sifuri hadi B1 nahesabu mwaka mmoja hivi akisoma kila siku. Anayekuahidi miezi mitatu anakuuzia karatasi, na karatasi hiyo itaanguka dirishani afisa wa viza atakapokuuliza kwa Kijerumani umekuja na usafiri gani leo.

Niseme na jambo ambalo hakuna wakala atakayekwambia. Hospitali zetu, mgonjwa huja na ndugu zake: dada analeta uji, mke anamwosha, shemeji analala chini ya kitanda. Kule ndugu huja na maua saa tisa alasiri na kuondoka saa kumi. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha nepi mtu mzima, hiyo ni kazi ya muuguzi mwenye leseni pia. Nimewaona wauguzi wetu wazuri, watu waliozoea kuwekea dripu watoto wachanga gizani kwa tochi ya simu, wakivunjika moyo wiki ya pili wakidhani wameshushwa hadhi. Hawakushushwa. Kazi ndivyo ilivyo kule. Afadhali ujue ukiwa huku.

Sasa nani alipe? Kwenye uuguzi, mwajiri. Serikali ya Ujerumani ina alama ya ubora kwa mawakala na hospitali zinazoajiri wauguzi kutoka nje, na sharti lake kubwa ni kwamba muuguzi hatozwi gharama za kutafutiwa kazi. Mwajiri makini atakufanyia usaili kwa video, atakutumia mkataba wenye jina la hospitali, mji, saa za wiki na mshahara. Anaweza pia kulipa euro 411 kwenye ofisi ya wageni ya kwao ili maombi yako yapite njia ya haraka. Hapo ubalozi unatakiwa ukupe miadi ndani ya wiki tatu, na ukishapeleka maombi kamili, uamuzi nao kwa kawaida ndani ya wiki tatu nyingine. Muulize wakala wako maswali haya matatu: hospitali gani, mji gani, nani aliyenisaili? Akianza kuzungukazunguka, umeshajua. Tena wakala wa ajira hapa kwetu anatakiwa awe na leseni ya serikali na afahamike TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Kaulizie jina lake huko. Ndugu zangu wa Kenya wanaonisoma, kwenu ofisi ni NEA. Nanyi ule mkataba wa Kenya na Ujerumani kuhusu wafanyakazi uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024 hauna idadi ya nafasi. Zile habari za watu 250,000 zilizosambaa siku ile, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilizikana mara moja. Mkataba umerahisisha ushirikiano, lakini B1 haijafutwa.

Ada ya viza ya muda mrefu ni euro 75, ya mtoto nusu yake. Maombi sasa yanaanzia mtandaoni kwenye lango la huduma za kibalozi: unapakia nyaraka, zinakaguliwa, kisha unaitwa ubalozini Dar kutoa alama za vidole na kuonyesha nakala halisi. Miadi haiuzwi. Anayekuuzia miadi amekuibia. Na kagua faili lako mara tatu kabla ya kubonyeza, kwa sababu zamani aliyenyimwa aliweza kuandika barua ya kupinga bure, lakini utaratibu huo ulifutwa dunia nzima tarehe 1 Julai 2025. Leo ukinyimwa unaomba upya na kulipa upya, au unafungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Muuguzi wa Tanga na kesi Berlin, unaona mwenyewe.

Kosa linaloua mafaili mengi ni dogo la aibu. Langu lilikuwa herufi moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa baba yangu ni Saidi, kwenye pasipoti niliandikwa Said. Ofisi moja kule, nisiitaje, ilinirudishia faili zima na barua ya mistari miwili. Nikarudi nyumbani kuhangaika na kiapo, na RITA, na Uhamiaji. Nilipomaliza, mwajiri alikuwa ameshachukua mtu mwingine. Leo usiku panga vyeti vyako vyote mezani: cha kuzaliwa, vya NECTA, stashahada, leseni, cheti cha ndoa, pasipoti. Soma majina herufi kwa herufi, wewe na mumeo mkipokezana, mmoja asome mwingine aangalie. Kama kuna Mwanaidi huku na Mwana Idi kule, anza kurekebisha sasa kabla hujalipa senti kwa mtafsiri.

Tuje kwa mume na mtoto. Sheria inawaruhusu kukufuata, lakini mwenyeji, yaani wewe, anaulizwa kipato na mahali pa kulala. Ukiwa bado msaidizi unayesomea leseni, chumba cha wafanyakazi cha hospitali na mshahara ule havitoshi kwa watatu. Kwa hiyo jipangieni kwamba watakuja ukishapata leseni na kibali cha mtaalamu. Inauma, mtoto wa miaka minne atakuwa wa mitano au sita. Lisemeni ndani ya nyumba mapema, tena na bibi yake atakayebaki naye.

Mumeo akija kama mwenza, kibali chake kinamruhusu kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida sheria inamtaka awe na Kijerumani cha A1 kabla ya kuondoka. Wapo wanaosamehewa, kama wenza wa wenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni kibali cha wenye shahada na mishahara mikubwa. Kwa mwaka 2025 ilianzia euro 48,300 kwa mwaka, na 43,759.80 kwa fani zenye uhaba. Nyinyi msihesabu msamaha. Fundi umeme anatakiwa sana kule, ila fundi asiyeelewa maandishi kwenye kisanduku cha swichi hapewi kisanduku. Chemba ya mafundi ya eneo mtakalokaa inaweza kulinganisha cheti chake cha VETA na cha kwao, na hata kikitambuliwa nusu tu kinaweza kumsaidia kwenye mshahara. Kujiajiri kufunga umeme kwenye nyumba za watu ni habari nyingine: pale huwa inadaiwa ngazi ya fundi mkuu, Meister, kwa hiyo asiuze zana zake akidhani atafungua duka Leipzig mwezi wa pili.

Mtoto haulizwi lugha. Anaulizwa cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi wote wawili. Akiwa kule anaingia bure kwenye bima yako ya afya ya umma, na serikali hutoa posho ya mtoto, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi.

Mdogo wako nimemweka mwisho kwa makusudi, maana yeye ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko nyote na hajui. Anasema anataka kusoma. Asome, lakini ajue chuo kikuu maana yake nini kimfuko. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo (jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula), ila viza inadai akaunti ya zuio yenye euro 11,904 kwa mwaka. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka, na wengi wakiifuata kazi masomo yanabaki nyuma. Tena huenda kidato cha sita peke yake kisimfikishe darasani moja kwa moja, bali apitie kwanza chuo cha maandalizi. Aangalie cheti chake kinawekwa kundi gani kwenye hifadhidata ya Wajerumani iitwayo anabin kabla ya kuota.

Mimi kijana wa miaka ishirini ningempeleka Ausbildung. Ni mafunzo ya kazi ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, siku kadhaa darasani na siku kadhaa kazini, kwa mkataba na kampuni, na analipwa. Kima cha chini mwaka wa kwanza kwa mikataba iliyoanza 2025 kilikuwa euro 682 kwa mwezi. Kwenye uuguzi wa hospitali za umma mwaka wa kwanza unazidi euro 1,300, kiasi ambacho kijana anajitegemea bila kuuza shamba la babu. Akipata kidogo kuliko kiwango cha kujikimu, anaongezea kwa akaunti ya zuio au kwa kibarua. Anaruhusiwa saa 20 kwa wiki nje ya mafunzo. Anachodaiwa ni cheti cha shule, B1, na mwajiri. Nafasi nyingi huanza Agosti au Septemba, na waajiri huanza kuchagua karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo anayeandika barua Juni anaandikia mwaka wa mbele. Akimaliza na kufanya kazi miaka miwili kwenye fani hiyo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Wewe, uliyesomea kwetu, utasubiri miaka mitatu kwenye kibali cha mtaalamu, na muda utakaokuwa msaidizi hauhesabiwi humo. Ndiyo maana nasema ukifika usiburuze mtihani wa leseni.

Akishindwa kupata mwajiri mapema, kuna mwaka wa kujitolea kwenye vituo vya wazee na watoto, unaotoa posho na mara nyingi malazi, au kukaa na familia ya Kijerumani ukiwasaidia watoto na kazi ndogo za nyumbani, wanaita “au pair”, ambako umri lazima uwe chini ya miaka 27, Kijerumani A1, posho euro 280 kwa mwezi na kazi zisizozidi saa 30 kwa wiki. Hizo si njia za kuhamia. Ni njia za kujifunza lugha kwa gharama ya mtu mwingine, na wengi niliowafundisha walipata mkataba wa Ausbildung wakiwa humo, kisha wakafuata taratibu za kubadilisha kibali.

Basi hizo milioni nane zina kazi. Kozi ya lugha kwa watu watatu, mitihani, basi la Tanga hadi Dar mara kadhaa, pasipoti, tafsiri. Anzeni darasa la A1 pamoja, wewe, mume na mdogo wako, mkae meza moja jioni. Mtoto naye atashika maneno, hata kabla yenu. Chuoni nenda mwezi huu kwa ajili ya zile saa. Mwajiri utamtafuta ukiwa na cheti cha B1, kabla ya hapo barua zako hazitajibiwa. Na karatasi za chuo usizipeleke kutafsiriwa mpaka ujue jimbo, kwa sababu mamlaka nyingi hupokea tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa tu, nyingine zinamtaka aliyeapishwa Ujerumani hasa, na zile za duka la steshenari pale stendi watakurudishia zikiwa bado na harufu ya wino.